Pwani ya Karagwe

Neno "pwani" limezaliwa na kupwa. Ni pale maji yanapopwa, yakaacha mchanga uchi, kisha yakarudi kujaa. Sisi tuliokulia Tanga hatuna haja ya kulitafakari, maana bahari hutueleza maana yake kila siku mlangoni. Mimi lilinijia upya nikiwa mbali na kwetu, juu ya kilima cha wilaya ya Karagwe, karibu kilomita elfu moja kutoka Bahari ya Hindi. Ilikuwa alfajiri ya Novemba. Nilikuwa na kisanduku cha rangi za maji mapajani, na karatasi iliyokataa kukauka.

Chini yangu bonde lilikuwa limejaa ukungu, na ulijaa kama maji yanavyojaa: kwa utulivu, kwa usawa mmoja, ukiingia kila kijito na kukata ghuba. Vilele vya vilima vilibaki juu yake kama visiwa. Palikuwa na rasi. Palikuwa na mkono wa bahari uliopenya kati ya vilima viwili, na mbele yake kisiwa chenye miti mitatu. Jogoo waliwika huko chini. Mtoto alilia, mtu akapasua kuni, na sauti zote zikanifikia zikiwa kavu na za karibu, kana kwamba kuna mji mzima umeishi chini ya bahari miaka yote na haujaona ajabu yoyote.

Jambo lenyewe linaelezeka. Usiku mbingu ikiwa safi baada ya mvua, ardhi hupoteza joto lake. Hewa inayogusa vilima hupoa, ikishapoa huwa nzito, na kizito huteremka. Kule bondeni hukutana na unyevu wa mabwawa ya mafunjo, na ukungu hutanda. Jua likipanda, mambo hugeuka. Kwenye saa mbili kingo zinaanza kulegea, ncha za migomba zinachomoza, kisha bati la kwanza linametameta. Saa tatu pamekwisha kupwa. Kwa hiyo Karagwe ina pwani yake, na pwani hiyo hujaa usiku na kupwa asubuhi bila kuutazama mwezi.

Nilikuwa nimekwenda kuchora tu, sina shughuli nyingine. Kila ninaposafiri hivi naulizwa swali lile lile: mbona usipige picha kwa simu, ukaenda zako? Swali hilo ni la haki na sipendi kulijibu kwa majivuno. Simu huona kuliko mimi. Lakini simu hukuruhusu kuondoka, na brashi haikuruhusu. Ukianza kuchora umefungwa pale, miguu inakufa ganzi, umande unapenya suruali, na mahali palipokuwa mandhari panaanza kuwa mahali: hapa wanapita ng'ombe, huyu mbwa ana mwenyewe, upepo hubadilika kabla ya jua kutokeza. Msafiri ni mtu wa kupita. Kuchora humkalisha kitako, na akikaa, wenyeji nao wanapata nafasi ya kumtazama.

Sikuwa wa kwanza kukalishwa Karagwe. Novemba ya 1861, msafara uliotoka Unguja mwaka mmoja kabla ulifika Bweranyange, kwa Mukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe. Waliouongoza ni John Hanning Speke na James Augustus Grant, maofisa wawili waliokuwa wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Speke aliandika kwamba salamu za kwanza alizopewa na mfalme zilikuwa za Kiswahili kizuri. Napenda kuikumbuka habari hiyo kila ninaposikia mtu akisema lugha yetu ilipelekwa bara na serikali. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kuifikisha, na mtu mwenye adabu zake alikuwa amejifunza kumkaribisha nayo mgeni.

Grant alikuwa ndiye mchoraji. Walipoondoka Unguja walikuwa na kamera, lakini Speke aliirudisha. Kazi ya kuandaa na kusafisha vioo vya picha ndani ya kihema kidogo kilichofungwa, katika joto la pwani, ilikuwa kubwa mno, na aliona ingemuua mwenzake. Hivyo penseli na rangi za maji zikachukua nafasi ya mashine. Kisha Karagwe ikamfunga Grant mara ya pili. Mguu wake ulivimba na kutunga usaha, hakuweza kutembea. Januari 1862 Speke akaendelea na safari kwenda Buganda, Grant akabaki kwa Rumanyika hadi Aprili, alipobebwa kwa machela. Michoro yake ndiyo iliyotumika kwa sehemu kubwa ya picha zilizomo katika kitabu cha Speke cha 1863, na rangi zake za maji zimehifadhiwa Maktaba ya Taifa ya Uskoti, Edinburgh.

Waswahili tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Grant alikaa karibu miezi mitano, na jembe lake lilikuwa brashi. Sitaki kumtakasa. Alikuwa mtu wa enzi yake, na safari ile ilifungua njia kwa mengi ambayo Karagwe haikuyaomba. Hata hivyo naona tofauti kati ya mikono miwili iliyofanya kazi katika kasri lile. Speke alichukua utepe akampima shemeji wa mfalme, mwanamke aliyenenepeshwa kwa maziwa kwa desturi ya nyumba ile: mkono kiasi gani, kifua kiasi gani, paja kiasi gani, akaziandika namba. Grant, mgonjwa, hakuwa na la kufanya ila kukaa na kutazama. Anayepima anakwisha kazi akishapata namba. Anayechora hajui amemaliza lini, na wakati huo wote anaonekana.

Lakini hata Grant hakuweza kuacha kitu bila kukijaza. Chini ya Bweranyange kulikuwa na ziwa dogo, na kwa kuwa yeye aliliona limefanana na ziwa moja la kwao Uingereza, wakaliita Windermere Ndogo. Ziwa lilikuwa na jina. Watu walikuwa wakivua humo na kuvuka kwa mitumbwi kabla babu yake Grant hajazaliwa. Hapo naona kishawishi cha kila msafiri mwenye brashi, na ninakijua kwa sababu ninacho: ukifika mahali usipopajua, jicho linakimbilia kutafuta kinachofanana na kwenu, na mkono unakifuata. Mimi mwenyewe, nimekaa juu ya kilima cha Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, naandika habari za ghuba na rasi. Nimeleta Tanga yangu kama yeye alivyoleta Windermere yake.

Sasa niseme jinsi ukungu unavyochorwa, kwa sababu jambo ninalotaka kulisema limo ndani ya kazi yenyewe.

Rangi ya maji haina nyeupe inayofaa kwa ukungu. Kidonge cheupe kimo kisandukuni, lakini ukikipaka juu ya karatasi kinakuwa chokaa, kizito, hakina pumzi. Weupe wa ukungu ni karatasi yenyewe. Unalowesha brashi kwa bluu iliyochanganywa na kahawia kidogo, unachora mgongo wa kilima kwa mstari mmoja, mkali upande wa juu. Kisha, kabla mstari haujakauka, unachukua brashi nyingine yenye maji matupu na kuipitisha chini yake. Rangi inateremka, inafifia, inapotea. Hapo ndipo ukungu unapoanza, na kuanzia hapo hugusi tena. Mkono unataka kugusa. Mkono hauvumilii pahala patupu, unatamani kuweka mgomba mmoja, paa moja, kitu cha kuonyesha kwamba ulikuwepo. Ukiweka, ukungu umekufa. Ukungu haupakwi. Unaachwa.

Novemba hewa ya Karagwe ina unyevu mwingi kiasi kwamba mstari hubaki mbichi robo saa nzima, na wakati mwingine rangi hutambaa yenyewe mahali ambapo hukuituma. Mwanzoni nilikasirika. Siku ya pili niliiacha itambae.

Kuacha huku hakukuanza na mimi. Hasegawa Tohaku, mchoraji wa Kijapani wa karne ya 16, alichora misonobari katika ukungu kwa wino mweusi juu ya viambaza viwili, kila kimoja cha kurasa sita, na sehemu kubwa ya kurasa hizo haina kitu. Wanaoitazama kazi hiyo Tokyo hukaa mbele yake muda mrefu. Kwetu mkono umefundishwa vingine. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za baiskeli juu ya hadibodi, na rangi ya namna hiyo hufunika: chui ana mpaka wake, ndege ana mpaka wake, nyuma yao rangi moja safi, hakuna kilichofichwa. Napenda ukarimu wa picha hizo, zinakupa kila kitu kwa mara moja. Sam Ntiro wa Machame alikuwa katikati. Picha yake ya 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, iliyonunuliwa na jumba la sanaa za kisasa la New York, ni picha ya watu wanaojua njia gizani. Mtazamaji haijui njia hiyo. Wao wanaijua, na hilo linatosha.

Nilifikiri basi kwamba nimepata maana ya safari yangu. Nilijiambia: mgeni mwaminifu ni yule anayekubali kuacha. Achore kile alichokiona, na pale macho yake yalipokoma aache karatasi. Nililipenda wazo hilo. Nilikaa nalo asubuhi mbili, likinipasha joto kama kikombe cha chai.

Asubuhi ya tatu alikuja bibi mmoja na wajukuu wawili. Novemba ni mwezi wa senene, wale panzi wa kuliwa, na alfajiri, kabla jua halijawapasha, senene wamekufa ganzi kwenye nyasi, unawaokota kama unavyochuma mboga. Watoto walikuwa na chupa za plastiki zilizojaa nusu, kijani na kahawia vikitukutika ndani. Huku juu ni rweya, kama wanavyosema mkoani Kagera, uwanda wa nyasi usio kibanja cha mtu, kwa hiyo wao walikuwa na haki ya kuwa pale kuliko mimi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unaandika nini?"

"Nachora bonde."

Aliinama akaitazama karatasi kwa makini sana, jinsi mtu anavyotazama kitambaa kabla ya kununua. Akatazama bonde. Akarudi kwenye karatasi.

"Na kwangu umepaacha?"

"Bibi, hapaonekani. Kuna ukungu."

"Hapaonekani kwako," akasema, bila ukali. "Pako hapa." Akaweka kidole juu ya weupe wa karatasi yangu. "Hapa kwangu. Hapa kwa shemeji. Kisima hiki hapa. Na hapa," kidole kikahamia upande wa kushoto kikatulia, "hapa tumemlaza mzee."

Alipoondoa mkono palibaki alama nne. Senene akishikwa hutema maji ya kahawia, na vidole vyake vilikuwa vimelowa maji hayo. Alama ya kwanza ilikuwa kubwa, na mistari ya ngozi ilionekana ndani yake. Ya nne ilikuwa hafifu, kingo zake zimeanza kutambaa kwenye karatasi mbichi, kama yangu ilivyotambaa chini ya kilima.

Tangu siku ile wazo langu halikunipasha joto tena. Nilikuwa nimeuita weupe ule unyenyekevu, na huenda kwa kiasi fulani ni unyenyekevu. Lakini nililazimika kujiuliza: nilipofika na kuona bonde lile, nilichofurahia ni nini hasa? Nilifurahia kwamba halina watu. Mabati hayakuonekana, wala nguzo za umeme, shule, bodaboda, wala kibao cha duka la mbolea. Ukungu ulikuwa umenisafishia nchi nikapata visiwa na rasi. Mgeni anaupenda ukungu kwa sababu humwondolea wenyeji. Ramani za Ulaya za wakati wa Grant nazo zilikuwa na weupe mkubwa katikati ya Afrika, na weupe ule haukuwa unyenyekevu hata kidogo. Uliwaambia waliouona kwamba hapa hapana kitu, njoo ujaze.

Weupe basi una aina mbili, na karatasi haikusaidii kuzitenganisha. Kuna kuacha kwa sababu unadhani ni patupu. Na kuna kuacha kwa sababu unajua pamejaa, ila kuchora kujaa kwake si kazi yako. Mkono unafanya kitendo kile kile, brashi ile ile ya maji matupu, na mtazamaji ukutani hatajua ulifanya kipi. Mimi mwenyewe sikujua nilikuwa nafanya kipi mpaka kidole cha bibi kilipotua.

Hili linanisumbua zaidi ya uchoraji. Nusu ya tunayoyaita maana katika maisha ni namna tunavyoyashughulikia tusiyoyaona: waliokufa, kesho, moyo wa mtu tunayeishi naye. Tunasema "sijui" na tunahesabu tumekuwa waungwana. Lakini "sijui" ya mtu asiyejali na "sijui" ya mtu aliyesimama mlangoni na kuvua viatu ni maneno mawili tofauti yenye sauti moja. Bibi yule hakuona bonde kuliko nilivyoliona mimi. Macho yake yalikuwa mbele ya ukungu ule ule. Kilichomwezesha kuweka kidole pasipo kusita ni miaka aliyoteka maji kwenye kile kisima, na siku moja ya kuzika.

Kabla sijaondoka upande huo nilikwenda Kyerwa, wilaya iliyokatwa kutoka Karagwe mwaka 2012, hadi Murongo ambako Mto Kagera ndio mpaka na Uganda. Alfajiri huko ukungu hulala juu ya mto peke yake, mrefu na mwembamba, ukifuata kila kona, na upande wa pili nchi nyingine inaendelea na migomba ile ile. Nilichora mara moja tu. Nilikuwa nikimfikiria nzohe, yule swala wa mabwawani mwenye kwato ndefu zinazotanuka ili asizame kwenye matope, ambaye akitishwa hujizamisha na kubakisha pua juu ya maji. Sayansi ya Ulaya ilimjua kwa mara ya kwanza kutoka Karagwe, katika safari ile ile ya 1861, na jina lake la kisayansi limebeba jina la Speke. Grant naye ana swala wake, swala granti wa nyika zilizo wazi. Tangu 2019 Karagwe na Kyerwa zina hifadhi za taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, na walau hapo mwenyeji alibaki na jina lake juu ya kibao. Neno Bweranyange nalo sikio langu la mgeni lilisikia ndani yake kwera, kuwa nyeupe, na enyange, yule yangeyange anayefuata ng'ombe. Nimelisikia hivyo. Sijalichora.

Siku niliyorudi Karagwe nilishuka bondeni. Niliondoka mapema, ukungu ukiwa bado umejaa, nikafuata njia ya ng'ombe kutoka rweya hadi kwenye vibanja. Nilitarajia kuingia ndani ya ule weupe. Haukuwepo. Kadiri nilivyoteremka ndivyo ulivyosogea mbele yangu na kujifunga nyuma, na pale nilipokuwa palikuwa pakavu kwa macho, pamelowa kwa ngozi. Niliona mgomba, matone yakining'inia kwenye ncha ya jani, yakidondoka juu ya jani la chini kwa mlio mdogo. Niliona buni chache mbichi juu ya mti wa kahawa. Niliona jembe limeegemezwa ukutani, udongo wa jana umekaukia kwenye mpini. Hatua kumi pande zote kila kitu kilikuwa kimekamilika, na zaidi ya hapo hapakuwa na kitu, na hakuna aliyekuwa akishangaa.

Bibi alikuwa kizingitini na ungo wa senene. Wajukuu walikuwa wakinyonyoa mabawa na miguu, haraka, bila kutazama vidole. Alinikaribisha kana kwamba tulikuwa tumeagana jioni iliyopita. Nikavuta kigoda. Hakuniuliza kama najua kazi ile, alisogeza ungo ukawa katikati yetu. Yule senene wa kwanza alinitemea kwenye kidole gumba, nikakitazama kidole changu kikiwa cha kahawia.

Mjukuu mdogo aliuliza ile picha niliichorea wapi. Nikageuka kumwonyesha kilima, na kilima hakikuwepo. Palikuwa na migomba minne, kisha weupe. Nilinyoosha kidole kwenye weupe huo, juu kidogo, kulia kidogo, nikasita, nikakisogeza.

"Pale," nikasema.

Mtoto alitazama pale nilipoonyesha kwa muda, kisha akanitazama mimi.

"Nyonyoa, mwanangu," bibi akasema. "Kikaango kimeshapata moto."